Mkaa Usiotoa Moshi

Wajukuu zangu, kabla hamjaniuliza habari za Wadachi, hao Wajerumani wa zamani, nileteeni hilo shati lililo kwenye karai. Nimeona mmelimwagia maji ya moto na doa la damu bado liko kifuani. Basi, halitoki tena. Damu ni kama ute wa yai: ikikutana na maji ya moto inaiva, na ikishaiva inashikamana na uzi mpaka nguo igeuke tambara. Damu hufuliwa kwa maji baridi, chumvi kidogo na subira. Msione haya. Mimi nilijifunza hilo kwa kuharibu shuka la kitani la Mdachi, na sikuchapwa kwa sababu tu mwalimu wangu alisema ni yeye aliyeliharibu.

Mwalimu huyo aliitwa Mzee Feruzi, mtu wa Pangani. Alipanda huku na msafara wa mizigo, wakati Wadachi wanaanza kukaa Arusha, na miguu yake ilipochoka kubeba akarudia kazi aliyoijua tangu ujana wake, udobi. Tulikuwa kwenye shamba la mlowezi mmoja juu ya Tengeru. Jina lake lilitushinda kutamka, kwa hiyo tulimwita Bwana Ndevu, na mkewe tukamwita Bibi. Mimi nilikuwa kijana wa Kimeru, nimeshatahiriwa lakini sijaoa, na Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha kuokoteza. Mwaka wa kwanza nilielewa mikono ya Mzee Feruzi kuliko mdomo wake.

Alikuwa mtu wa kuchunguza vitu. Siku tuliyoonana mara ya kwanza alinitazama meno akaniuliza kama ninatafuna tumbaku. Nikamwambia hapana, sisi tuliozaliwa huku wote meno yetu ni ya kahawia. Akakaa siku kadhaa akiwatazama watu vinywani, kisha akasema sababu ni maji, kwa kuwa hata watoto waliohamia wakiwa wadogo walikuwa hivyo, ila wale waliokuja wakiwa watu wazima meno yao yalibaki meupe. Nilicheka sana. Leo madaktari wanasema hayo hayo, kwamba maji ya mlima huu yamebeba chumvichumvi ya mawe inayopaka meno rangi yangali yanaota. Feruzi hakuwa na darubini. Alikuwa na macho tu.

Sabuni ya dukani ilikuwa adimu, ikifika inafika imekauka kama jiwe. Tulipika yetu. Majivu tuliletewa na mwanamke mmoja mjane aliyeitwa Nanyori, aliyekuwa na kibanda na migomba yake ukingoni mwa shamba, yeye na binti zake wawili. Alichoma maganda na mashina ya migomba mpaka yakawa meupe, akatuletea kwenye kikapu. Majivu ya mgomba ni makali kuliko ya kuni yoyote ninayoijua. Unatoboa debe chini, unatandika nyasi, unajaza majivu, unamimina maji ya mvua polepole. Yanayodondoka ni maji ya rangi ya chai, yanateleza vidoleni. Unayapima kwa yai. Likizama, ongeza majivu. Likielea na kichwa chake kikaonekana kidogo, yako tayari kupikwa na mafuta ya ng'ombe. Likielea sana, ogopa. Mimi sikuogopa. Nilipika sabuni iliyokula ngozi ya viganja vyangu na lesi yote ya hariri kwenye gauni la Bibi. Feruzi alinipaka samli mikononi, akanieleza kwamba mafuta na maji ya majivu ni maadui wawili wanaouana na kuzaa kitu cha tatu. Adui mmoja akizidi, mwenzake akiisha, anayebaki anatafuta wa kumla.

Na ile buluu ya dobi je? Mnadhani inasafisha? Haisafishi hata kidogo. Nguo nyeupe ikizeeka inakuwa ya manjano. Ukitia tone la buluu kwenye maji ya kusuuzia, ile buluu inaifunika manjano, na jicho linaamini nguo ni mpya. Bibi alipokuwa akisifu weupe wa mashuka yake, Feruzi alikuwa akiinamisha kichwa kwa heshima, kisha ananiambia pembeni kuwa tumemfulia macho.

Nawaeleza haya ili mjue alikuwa mtu wa namna gani, na mjue Nanyori alikuwa nani kwetu. Alikuwa akimpikia mzee. Feruzi hakuzoea chakula cha huku, lakini loshoro ya Nanyori, ile ya mahindi na maziwa ya mgando, aliikubali. Kila adhuhuri alimletea kwenye kibuyu. Hakuna aliyewahi kusema neno baya juu yao.

Chumba cha kupigia pasi kilikuwa cha mawe na chokaa, paa la bati, dirisha moja na mlango mmoja unaofunguka kwa nje. Bwana Ndevu alikijenga vizuri, hakikuwa na ufa. Pasi zetu zilikuwa masanduku ya chuma ya kutia mkaa. Sheria za Feruzi zilikuwa mbili. Mkaa uwashwe nje mpaka uwe mwekundu ndipo uingizwe, na dirisha lisifungwe hata kama kunanyesha mawe. Alisema mkaa una ulevi wake. Mimi nilidhani ni mzaha wa mzee Mwislamu asiyekunywa pombe.

Mwaka ambao Bibi alijifungua mtoto wa kwanza, mvua za masika zilikataa kuisha, zikaungana na baridi ya mwezi wa sita. Mtoto alikuwa abatizwe, wageni walikuwa waje, na kulikuwa na kanzu ndefu ya ubatizo na vitambaa vya meza visivyo na idadi. Tuliipiga pasi ile kanzu, upepo ukaingia dirishani, ukapeperusha jivu la pasi likaichafua. Bibi akaturudishia tukaifua upya. Mara ya pili ikawa vile vile. Safari hiyo alitutupia usoni, akasema ikitokea tena mmoja wetu ataona kiboko.

Mzee alikuwa na homa. Alivaa kanzu mbili na koti kuukuu la askari na bado alitetemeka. Kwa mtu wa pwani, baridi ya Meru ni ugonjwa kamili. Asubuhi ile nilimwingizia seredani, lile jiko la mkaa, chumbani, nikaijaza mkaa wa kuwashia pasi na wa kumpasha miguu joto. Nilifikiri ninamtendea wema. Kisha nikachukua magunia mawili nikaziba dirisha, na la tatu nikaliweka chini ya mlango.

"Anaeli," akaniambia, "acha ufa."

Nikaacha ufa wa upana wa kiganja. Tukafanya kazi. Baadaye upepo ukavuma tena, nikaona jivu limeruka, likatua kwenye meza karibu kabisa na ile kanzu. Mzee alikuwa amegeuka, anachochea seredani. Nikalisukuma gunia likaziba kabisa. Sikumwambia. Nikabeba beseni nikaenda mferejini kusuuza vitambaa vilivyobaki.

Adhuhuri Nanyori akapita na kibuyu chake. Nilimwona akiingia, akakaa kidogo, akatoka. Aliporudi akapita karibu nami, akasimama, akashika paji la uso. Alisema chumba chetu kina joto baya, kwamba amekaa muda mfupi tu na kichwa kinamuuma na kumzunguka. Nikamwambia ni moto wa pasi, sisi tumezoea. Akaenda zake.

Niliporudi, alasiri, harufu ya kitambaa kilichoungua ilinipokea mlangoni. Pasi ilikuwa imesimama juu ya kitambaa cha meza na imekitoboa mpaka kwenye mbao. Mzee Feruzi alikuwa sakafuni, amelalia ubavu wake wa kulia, ametapika. Kibuyu kilikuwa kando yake, nusu. Nilimwita. Nilimshika, alikuwa na joto, nikadhani yu hai, kumbe ni joto la chumba.

Sasa nisikilizeni hapa. Kabla sijapiga kelele, kabla sijamwita mtu yeyote, niliyatoa yale magunia dirishani na lile la mlangoni, nikayatupa nyuma ya chumba. Mpaka leo sijui mkono wangu ulijua nini ambacho kichwa changu kilikuwa hakijakijua.

Watu wakajaa. Wakaona matapishi, wakaona kibuyu. Waislamu wenzake walitoka mjini kuja kumwosha, na mmoja wao aliyeosha maiti nyingi akasema hajaona jambo kama lile. Midomo na kucha za marehemu zilikuwa nyekundu kama za mtu aliyetoka kuoga maji ya moto. Mfu hawi hivyo, alisema. Hii ni sumu. Neno hilo lilitembea shamba zima kabla kaburi halijafukiwa.

Nanyori alijitetea. Alisema loshoro ile ile aliwalisha binti zake. Alisema hata yeye alipoingia mle chumbani kichwa kilimuuma, na akanitaja mimi kuwa nilimsikia akisema. Wakanitazama. Nikasema ndiyo, alisema kichwa kinamuuma. Sikuongeza neno. Na watu wakajibu kwamba ni dhahiri, aliionja sumu yake mwenyewe alipokuwa akiikoroga.

Bwana Ndevu hakuuliza maswali. Alimfungia kwenye ghala la mahindi siku mbili, kisha akamfukuza shambani yeye na watoto wake. Migomba yake, ambayo ilikuwa imeshika matunda, ilikatwa. Alihamia kwa ndugu wa marehemu mumewe, wakampa mahali pa kulala lakini hawakula alichopika. Ndizi zake zilikaa sokoni Tengeru tangu asubuhi mpaka watu wanafungasha, hazijaguswa. Ndizi, wajukuu zangu, tunda lenye ganda lake. Binti yake mkubwa alikuwa ameshachumbiwa, wakaja wakasema wamebadili nia. Mimi nilikuwa nikipita sokoni kununua magadi ya kufulia, namwona amekaa mbele ya mikungu yake, napita upande wa pili.

Nilijiambia ni sumu. Kila siku nilijiambia. Nilipewa kazi ya mzee, nikawa dobi mkubwa wa lile shamba, na baridi ya mwaka uliofuata ilipokuja nikafanya jambo la kipumbavu: nikafunga dirisha. Labda nilitaka kujithibitishia kwamba dirisha halina kosa.

Nilikuwa sijala tangu jana yake. Seredani iliwaka vizuri, nyekundu, safi, bila moshi hata chembe. Kwanza nikasikia kama mtu amenifunga mshipi kichwani na anaukaza kidogo kidogo. Kisha masikio yakaanza kuvuma. Sikuogopa, na hilo ndilo la kutisha. Nilijiona nimetulia, nimechoka, nataka kukaa chini kidogo tu. Nilipotaka kuinua pasi, mkono haukunitii. Nikajua, hapo ndipo nilipojua. Nikajitupa kuelekea mlangoni, magoti yakakatika, nikauangukia mlango kwa bega, na kwa kuwa ulifunguka kwa nje, uso wangu ukatua matopeni. Nikatapika, na tumboni hamkuwa na kitu. Nililala pale mvua ikininyeshea na nikamkumbuka Nanyori akiwa ameshika paji la uso.

Palikuwa na mganga wa misheni, Mdachi mzee aliyefunga vidonda na kutoa dawa ya homa. Nilitembea hadi kwake kichwa kikiwa bado kinagonga. Nilimweleza habari za mkaa, za chumba, za mzee wangu aliyekufa. Akaniuliza swali moja: midomo yake ilikuwa myekundu? Sikuwa nimemwambia habari ya midomo. Nilikaa chini.

Akanieleza polepole, kwa Kiswahili chake cha shida. Mkaa ukikosa hewa ya kutosha hutoa hewa nyingine isiyo na rangi wala harufu. Damu yetu kazi yake ni kubeba hewa nzuri kutoka kifuani, lakini ikikutana na hii mbaya inaipenda zaidi, inaishika na haiachii. Inakuwa nyekundu ajabu, nyekundu ya kupendeza, na mtu anakufa akiwa amejaa damu nzuri kwa macho. Nikamuuliza mbona mama zetu wamelala na moto miaka yote kwenye nyumba za majani. Akasema nyumba ya majani inapumua paa zima, na kuni mbichi zina moshi. Moshi unawasha macho, unakutoa nje. Mkaa mzuri hauna adabu hiyo. Kadiri unavyowaka bila moshi, ndivyo unavyokudanganya kuwa uko salama. Na chumba cha mawe na bati hakina pa kuitolea hewa hiyo. Sasa angalieni vyumba mnavyopanga hapa Sekei mjini, matofali na bati na kidirisha mnachokiziba kwa gazeti kwa sababu ya baridi.

Nilikwenda kwa wazee wa ukoo wa mume wa Nanyori. Walinisikiliza, na mmoja akauliza kwa upole tangu lini hewa ikaua mtu. Niliona maneno hayatoshi. Bwana Ndevu alikuwa amesafiri na mkewe, basi nikawaomba waje shambani mchana mweupe, wao na yeyote aliyewahi kulisema vibaya jina la Nanyori. Wakaja watu wengi. Nikaleta jogoo mzima, mwenye nguvu, nikawapa wamkague. Nikamweka kwenye tenga, nikalitundika chumbani, mbali na moto. Nikaingiza seredani yenye mkaa mwekundu, nikafunga dirisha na mlango, nikaziba kwa magunia. Yalikuwa yale yale magunia. Tukangoja nje. Tulimsikia jogoo akiparura, kisha hatukumsikia.

Tulipofungua na kuacha hewa iingie, jogoo alikuwa amelala kama aliyesinzia. Mzee aliyeniuliza swali akamchinja pale pale, ingawa alikuwa ameshakufa, ili aione damu. Ilitoka nyekundu kama ya kitu kilicho hai. Akaitazama muda mrefu, akafuta kisu kwenye nyasi.

"Mwiteni mama," akasema.

Walimtakasa kwa mwanakondoo kama desturi ilivyokuwa, na ikatangazwa sokoni kwamba hana hatia. Wanawake wawili watatu walinunua ndizi zake siku hiyo. Wiki iliyofuata alinunua mmoja. Msidhani neno likishatoka linarudishwa kwa tangazo. Watu walisema ndiyo, si yeye, tumeona, na bado mikono yao ilikwenda kwenye kapu la jirani yake.

Alinifuata siku moja nikiwa mferejini ninasuuza. Nilisimama, nikamsalimu. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa amekonda tu. Aliniuliza kama anayeuliza njia.

"Siku ile, waliponitoa ghalani na wewe umesimama pale, ulikuwa umelifikiria dirisha?"

Ningeweza kusema hapana. Mganga mwenyewe alisema wengi hawaijui hewa hiyo, hata Ulaya wanakufa nayo. Nilitazama maji. Nikamwambia nilikuwa nimelifikiria, kidogo. Nikamwambia habari ya magunia, kwamba niliyatoa kabla sijaita watu.



"Feruzi aliuawa na mkaa," akasema. "Mimi sikufanyiwa haya na mkaa."

Akachukua mzigo wake akapanda njia ya juu. Kabla ya mavuno alihama na binti zake kwenda upande wa Kilimanjaro, ambako hakuna aliyemjua, na sikupata habari zake tena. Vita vya Wadachi na Waingereza vilipokuja Bwana Ndevu alikimbia, shamba likashikwa na wengine, na chumba kile kikafanywa stoo ya kahawa. Mimi niliendelea na udobi miaka yangu yote, nimefulia Wadachi, nimefulia Waingereza, nimefulia maaskofu. Watu walinisifu kwamba nguo zangu hazina doa, nami nilishukuru na kuchukua kazi nyingine.